Jinsi Nilivyopata Risasi ya Kusubia Timazi Kutoka Kebo Kuukuu

Mwaka jana fundi mwashi mmoja wa Kayole, ambaye nimemfanyia kazi ndogondogo za chuma kwa muda mrefu, aliniagiza timazi 30 za nusu kilo, zake na za wenzake; timazi ni kile kizito kinachoning'inizwa kwa uzi ili kuona kama ukuta umesimama wima. Zile walizokuwa wakinunua madukani zilikuwa nyepesi, na kwenye orofa za juu upepo uliziyumbisha hata mwashi akangoja sana kabla uzi haujatulia. Nilimshauri tutumie risasi, yaani ile metali laini na nzito, kwa sababu sentimita moja ya ujazo ya risasi ina uzito wa gramu 11.34 ilhali ya chuma haifiki gramu 8. Timazi ya nusu kilo inakuwa na ujazo wa sentimita 44 tu, na upepo haupati pa kuishika.

Risasi iliyo rahisi kupatikana ni ya betri kuukuu za magari, lakini hiyo niliikataa tangu mwanzo. Ina asidi na unga wenye sumu, na sijasahau yaliyowapata wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa, ambao kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwaachia sumu ya risasi mwilini hadi mahakama ikaamuru mwaka 2020 walipwe shilingi bilioni 1.3. Niliamua kutafuta ganda la kebo za umeme za zamani, zile ambazo shaba yake ilizungushiwa karatasi iliyolowa mafuta, kisha ikavishwa bomba la risasi ili unyevu usipenye. Risasi ya ganda hilo ni laini na mara nyingi karibu haina mchanganyiko; ukiikwaruza kwa ukucha inabaki na alama.

Kebo si kitu cha kununua ovyo. Kuna Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inayodai leseni, na mnamo Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuanguka hapa Nairobi na nchi nzima kukosa stima, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa. Tena jina lenyewe linatia watu wasiwasi, kwa kuwa risasi ni risasi, iwe ya fundi au ya bunduki, na kila nilikouliza ilinibidi nianze kwa kuonyesha mchoro wa timazi. Hatimaye mzee mmoja mwenye leseni, mwenye kiwanja karibu na Gikomba, aliniambia, "Kijana wangu, shaba tumeshaitoa, haya maganda ukiyataka yachukue yote." Nilinunua kilo 31, nikadai risiti yenye maelezo ya mali, na risiti hiyo ninayo hadi leo.

Kazi kubwa ilikuwa kusafisha, nami naamini hapo ndipo ubora wa risasi unapoamuliwa, kabla moto haujawashwa. Juu ya ganda kulikuwa na utepe wa chuma na nyuzi za gunia zilizolowa lami. Utepe niliukata kwa msumeno na kuukunjua, na lami niliikwangua kwa kisu kipana asubuhi na mapema ikiwa bado ngumu kwa baridi, kwa sababu jua likishapanda inanata kila mahali. Kisha nilipasua kila bomba kwa urefu wake na kutoa mabaki ya karatasi. Bomba moja lilikuwa limepondwa pande zote mbili, na nilipolipasua yakatiririka maji ya mvua. Niliishiwa nguvu kidogo, maana tone la maji likizama ndani ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke na kupanuka zaidi ya mara 1,600 kwa ghafula, na chungu chote humrukia aliyesimama mbele yake. Baada ya hapo nilianika vipande vyote juani siku mbili. Vile vilivyotoka kwenye maungio ya kebo niliviweka kando, kwa kuwa fundi wa zamani aliunga kwa mchanganyiko wa risasi na bati, unaoanza kulainika kwenye nyuzi joto 183 za Selsiasi tu. Nilibaki na kilo 19 safi.

Niliyeyushia Ruai, katika uwanja wa rafiki usio na watoto, nikiwa upande unakotoka upepo. Sikutumia sufuria ya aluminiamu, kwa sababu makaa yanayopulizwa yanaweza kuitoboa, bali chungu kizito cha chuma. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327.5, nami kwa kipimajoto cha waya niliishikilia kati ya 350 na 400, maana joto kali huzidisha mvuke wenye sumu. Nilitia kipande cha nta ya nyuki, nikakoroga, nikaengua kwa upawa uchafu wa kijivu ulioelea hadi uso ukang'aa kama kioo.

Kalibu ya vipande viwili, yaani umbo la kumiminia risasi, nilichongewa na fundi wa kukereza. Timazi tatu za kwanza zilitoka na makunyanzi kwa sababu kalibu ilikuwa baridi. Nilipoipasha moto na kuipaka masizi ya mshumaa, zilizofuata zilijaa hadi nchani. Kila moja niliitundika na kuizungusha polepole, na ambayo ncha yake iliyumba niliirudisha chunguni. Sikupiga tupa, ili vumbi lisiruke, bali nilikata mabaki kwa kisu.

Nilivaa glavu na barakoa ya chujio, sikula wala kunywa pale, na nguo za kazi nilizifua mbali na za nyumbani, kwani Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama katika damu ya mtoto, na mimi nina wawili. Kwa sababu hiyohiyo kila timazi niliipaka rangi tabaka mbili, ili mwashi asiishike risasi tupu halafu akashika chapati. Uchafu nilioengua niliufungia ndani ya kopo la bati na kumrudishia yule mzee, ambaye huuza risasi kwa viwanda vya kuisafisha. Mwashi wa Kayole alipozipokea alitundika moja kutoka orofa ya nne, na uzi ukatulia kabla hajamaliza kushuka ngazi.