Kadi za silabi na unyevu wa masika

Leo nimeshinda nimekaa sakafuni darasani nikihesabu kadi za silabi. Nafundisha darasa la kwanza huku Mbagala, na watoto wangu wanajifunza kusoma kwa kushika: vizibo vya soda vyenye irabu, a e i o u, na kadi za manila za ba be bi bo bu. Mtoto akisogeza b karibu na a, akatamka "ba" mwenyewe, uso wake unang'aa. Ndiyo maana kadi moja ikipotea naumia. Ikikosekana "ma", hakuna mama, hakuna maji, hakuna mahindi.

Masika haya yamenifunza. Niliacha boksi chini, karibu na ukuta. Tuliporudi likizo nikakuta manila zimejikunja, zina ukungu, na mende wametafuna pale nilipobandika kwa gundi ya unga. Kazi yangu ya usiku wa wiki mbili!

Sasa kila kadi naivisha selotepu pana pande zote mbili, ipitilize ukingo kidogo, maana unyevu huingilia pembeni. Nazihifadhi kwenye ndoo ndogo zenye mfuniko, juu ya meza. Kila kundi lina ndoo yake na mtunzaji wake wa wiki, anayehesabu kabla ya kengele. Jana binti mmoja aligoma kwenda mapumziko kwa sababu "ku" haionekani. Tukaitafuta wote. Ilikuwa chini ya dawati.

Walimu wenzangu, vipande vya manila vinavyobaki msitupe. Nitavifuata.