Siku za bila sare zilivyokuwa zikimuumiza tumbo binti yangu

Mara ya kwanza nilimpa maji ya uvuguvugu nikamwacha alale. Mara ya pili nilimpeleka kwa daktari, tukarudi bila dawa. Mara ya tatu, binti yangu wa darasa la tatu alikuwa amejikunja kitandani kashika tumbo, nami nikaliona gauni lake la kutokea juu ya kiti. Lilikuwa limegeuzwa ndani nje. Doa la kifuani lilikuwa limesuguliwa kwa sabuni hadi kitambaa kimepauka, na upande mmoja ulikuwa bado una unyevu. Alikuwa amelifua mwenyewe usiku. Nikaangalia tarehe: ilikuwa siku ya nguo za nyumbani shuleni kwao. Mara zote tatu ilikuwa hivyo hivyo.

Asubuhi ile sikumuuliza kitu. Jioni, tukikunja nguo pamoja, ndipo aliposema. Mara ya mwisho kulivaa gauni lile, mwenzake alimwangalia akamwambia, "Hilo tena?" Maneno mawili tu, naye akayabeba kwa miezi.

Nilichofanya kwanza ndicho ambacho wazazi wengi hufanya: nilimnunulia gauni jipya, kwa fedha iliyokuwa na kazi nyingine. Siku hiyo alikwenda akiruka. Aliporudi, kabla hata hajaweka begi chini, akauliza, "Mama, na mara nyingine nitavaa lipi?" Hapo nikajua kwamba gauni si dawa. Sare ina kero zake, lakini inamsitiri mtoto. Kola zote ni sawa, sketi zote ni sawa, na hakuna anayejua nani ana kabati na nani ana mfuko wa nguo chini ya kitanda. Ukiivua sare kwa siku moja, umefungua makabati ya watu wote mbele ya darasa.

Nilidhani ni mimi peke yangu. Nikaanza kuzungumza na wazazi wenzangu langoni wakati wa kuwachukua watoto. Baba mmoja alizipenda mno siku hizo, maana mwanawe ana ngozi inayowasha na kola ya sare humtesa. Siku ya nguo za nyumbani ndiyo siku anayopumua. Mama mwingine ni mshonaji, na kwake mavazi ya maonyesho ni furaha ya wiki nzima. Lakini bibi mmoja anayelea wajukuu wanne aliniambia taratibu kwamba tangazo likija hukosa usingizi, kwa kuwa mavazi ni manne, na michango ya fedha inayoombwa siku hizo ni minne. Na kuna mama ambaye mwanawe ana usonji. Mtoto yule huamka, huvaa sare yake kwa mpangilio ule ule, na ndivyo anavyojua kwamba anakwenda shule. Ukimbadilishia nguo umemvurugia siku nzima. Mama huyo alikuwa akimbakiza nyumbani bila kumwambia mtu yeyote.

Niliposikia hayo niliacha kulaumu. Hakuna aliyekusudia kumwumiza mtoto. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa amesema.

Niliomba kuonana na mwalimu wa darasa, wawili tu, baada ya masomo. Sikutaka kulianzisha kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi, kwa sababu pale jambo dogo hugeuka kesi, na mtoto wangu angejulikana. Nilimweleza habari ya gauni. Akanyamaza kidogo, kisha akafungua daftari la mahudhurio, akarudi nyuma kurasa kadhaa, akaweka kidole. "Mama, si wako peke yake," akasema. Siku hizo watoto wanaokosa huwa wengi kuliko kawaida, na alikuwa akidhani ni bahati mbaya tu.

Sikwenda na malalamiko matupu. Niliomba mambo machache: tangazo litoke wiki mbili kabla, si jana yake usiku; anayetaka kubaki na sare abaki nayo bila kuulizwa; na mchango utiwe kwenye boksi lenye tundu badala ya kuitwa majina. Hilo la mwisho ndilo nililolishikilia zaidi. Mtoto wa miaka minane hapaswi kusimama mbele ya wenzake akaeleza hali ya mfuko wa mzazi wake.

Yote yalikubaliwa, ingawa la boksi lilichukua muda. Shule ikaanza na jambo jepesi: tarehe 21 Machi, Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ugonjwa wa Down, ambayo Umoja wa Mataifa unaiadhimisha tangu 2012. Tarehe yenyewe ina maana yake. Mtu mwenye hali hiyo ana nakala tatu, badala ya mbili, za kromosomu ya 21 (kromosomu ni nyuzi ndogo ndani ya seli zinazobeba urithi), ndiyo maana siku ni ya 21, mwezi wa 3. Duniani kote watu huvaa soksi zisizofanana, kwa kuwa soksi ina umbo linalokaribia la kromosomu. Soksi moja moja zilizopoteza wenzake hazikosekani katika nyumba yenye watoto! Binti yangu alivaa ya mistari na ya kijani, akasimama foleni akionyesha miguu kama wenzake wote.

Kisha ikaja Siku ya Vitabu Duniani, 23 Aprili. UNESCO iliitangaza mwaka 1995 kwa ajili ya vitabu na haki za waandishi, na tarehe hiyo inahusishwa na vifo vya waandishi Shakespeare na Cervantes mwaka 1616. Uingereza huiadhimisha Alhamisi ya kwanza ya Machi, na huko watoto wamezoea kwenda shule wamevaa kama wahusika wa vitabuni. Shule yetu nayo ilitaka wahusika. Safari hii sikufikiria dukani kuna nini. Nilimuuliza, "Wewe unataka kuwa nani?" Akajibu bila kusita: kobe.

Tulichukua foronya ya kahawia, tukaijaza nguo kuukuu, tukaishona mdomo. Mistari ya gamba aliichora yeye kwa kalamu ya wino mzito, ulimi nje, akihesabu vipande. Mikanda ilitoka kwenye begi lililochanika. Kazi nzima ilituchukua jioni moja na nusu, na hiyo nusu ni kwa sababu niliishona mikanda kichwa chini.

Asubuhi hakuna aliyetaja tumbo. Alitembea polepole kutoka mlangoni hadi langoni, hatua kwa hatua, kwa sababu kobe hakimbii. Tulichelewa, na sikumharakisha.

Kaka yake wa darasa la sita hataki kusikia habari za kujipamba. Siku hizo huenda na sare yake, na nimeacha kumbembeleza. Foronya niliifumua nikaifua, lakini wino haukutoka, kwa hiyo gamba sasa liko kwenye mto wa binti yangu.