Mahubiri ya asubuhi kwenye daladala

Jamani leo nimepanda daladala ya Tandika–Kariakoo, imejaza balaa. Hata Veta hatujafika kaka mmoja kaanza kuhubiri kwa sauti utadhani kameza spika, ukifa leo unaenda wapi wewe!

Pembeni yangu kuna bibi na baibui lake, tasbihi mkononi, midomo inacheza taratibu. Kaka kamwinamia, "Mama, umeokoka?"

Bibi wala hakujibu. Kapakata kikapu chake, kajibana, "Kaa hapa mwanangu utaanguka."

Jamaa kakaa! Kimyaaa mpaka Kariakoo 😂

Mimi Mkristo na kanisani siachi, ila Katiba ibara ya 19 inasema dini ni hiari ya mtu, sasa hiari gani na konda kaziba mlango?

Nyie mngemjibuje?