Usiku wa Pwani, mchana wa Kariakoo

Kariakoo, jirani na Mtaa wa Kongo, kuna choo cha kulipia, shilingi mia tatu. Ukienda saa mbili asubuhi unaingia moja kwa moja. Ukienda saa saba mchana, foleni imetoka nje, imekata kona, imefika kwa muuza soksi, na muuza soksi ameshaizoea biashara hiyo: mtu akisimama mbele yake dakika kumi, jozi moja lazima itoke. Mama yangu anauza vitenge pale tangu niko darasa la pili, na ana utaratibu wake. Chai hanywi asubuhi, na maji hagusi mpaka saa tisa alasiri. Kina mama wenzake wengi ndivyo wanavyoishi. Daktari alipomwambia figo zinataka maji, akamjibu, "Dokta, maji ninayo. Choo ndicho sina."

Mimi nimesoma mipango miji. Lile jibu lilinipata pabaya.

Nyumbani ni Vikindu. Kwa asiyepajua: ukitoka Mbagala Rangi Tatu na Kilwa Road unapita Mzinga, Kongowe, unavuka mpaka wa mkoa, unaikuta Mwandege, halafu sisi. Huo mpaka huwezi kuuhisi. Hakuna geti, konda hapunguzi hata sauti ya redio. Ila kwenye makaratasi umetoka Dar es Salaam na umeingia Wilaya ya Mkuranga, Mkoa wa Pwani. Mama anaamka saa kumi alfajiri, saa kumi na moja yupo kituoni, anarudi saa mbili usiku miguu imevimba. Siku sita kwa wiki. Ukimuuliza anakaa wapi atakwambia Vikindu, lakini kusema kweli Vikindu anapaona Jumapili tu.

Mwaka 2022 nilikuwa nimemaliza chuo, nazungusha bahasha za maombi ya kazi mpaka kaka wa steshenari akawa ananikopesha. Sensa ilipokuja nikaomba ukarani nikapata. Tukafunzwa, tukapewa kishikwambi, kizibao na kitambulisho, nikapangiwa eneo hukuhuku kwetu, mwenyekiti wa kitongoji akawa ananitembeza nyumba kwa nyumba. Swali mama wa maswali yote lilikuwa moja: nani alilala hapa usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 23 Agosti? Hatukuuliza hii nyumba ni ya nani wala kwenu ni wapi kabla ya kujua nani alilala. Mgeni aliyekuja kusalimia akalala, ni wako, mhesabu. Mume aliyelala safarini atahesabiwa hukohuko aliko. Na siku yenyewe ilikuwa ya mapumziko, kwa hiyo hata mama nilimkuta nyumbani, amekaa kwenye mkeka, amevaa khanga mpya kama anayesubiri mahari. Nikamhesabu kwa heshima zote. "Shikamoo mama. Unaitwa nani?" Akacheka mpaka mwenyekiti akaanza kutazama saa.

Kazi ile inakufundisha vitu ambavyo darasani vilipita kwa slaidi moja. Kaya, kwa mfano. Kaya si nyumba. Kaya ni wale wanaokula chungu kimoja. Nilikuta nyumba ya kupanga yenye milango sita, nikatoka na kaya saba, kwa sababu chumba cha mwisho walikaa ndugu wawili waliogombana kwa deni la bodaboda. Kila mmoja alikuwa na jiko lake la mkaa na sufuria yake, katikati wamefunga pazia. Nikauliza mara mbili, tatu, kama kweli hawali pamoja. Mdogo mtu akanijibu bila kumtazama kaka yake, "Hata chumvi."

Nikakuta pia mapagale. Kwetu kulikuwa na mapagale kuliko nyumba zilizoezekwa, na katika kila pagale la tatu au la nne kulikuwa na mlinzi. Mmoja alikuwa mzee mpole kutoka Kilwa, amejibanza kwenye chumba kimoja chenye turubai, anapalilia mihogo pembeni. Kaya ya mtu mmoja. Nikajaza, nikamshukuru, nikaenda zangu. Lakini njiani nikawa najiuliza: mwenye hili jengo yuko Mbagala au Temeke, amepanga, ana watoto, na usiku huu mwenzangu mwingine anamhesabu hukohuko. Kwenye kishikwambi changu hapa ni mtu mmoja. Ikifika siku bati limepanda, watahamia sita au saba kwa lori moja, na karani wa kuwaona hatakuwepo. Sensa zetu tangu 2002 zimekuwa zikija kila baada ya miaka kumi, kabla ya hapo hata pengo lilikuwa kubwa zaidi, 1988 mpaka 2002. Pagale halisubiri miaka kumi.

Matokeo yakatangazwa Dodoma tarehe 31 Oktoba 2022. Watu 61,741,120. Kila mtu alishika namba hiyo. Mimi nilikimbilia jedwali la mikoa, maana nilitaka kuwaona watu wangu. Dar es Salaam ilikuwa 4,364,541 mwaka 2012, sasa 5,383,728. Ukipiga hesabu ni ongezeko la asilimia 2.1 kwa mwaka, wakati nchi nzima ni 3.2. Kijiweni kwetu habari ikapokelewa kwa tafsiri moja: Dar imeshinda watu, maisha magumu, watu wanarudi mikoani. Kuna jamaa aliieleza vizuri sana, na mifano ya shemeji zake.

Shida ni kwamba hakushuka mistari michache akaiangalia Pwani. Pwani ilikuwa 1,098,668, imekuwa 2,024,947. Asilimia 6.1 kwa mwaka. Na Mkuranga yetu, iliyokuwa na watu 222,921 mwaka 2012, ilivuka nusu milioni. Watu hawakurudi mikoani. Wamevuka Kongowe tu. Wengine wamevuka Kibamba wakaangukia Kibaha, wengine wamepita Bunju wakaingia Bagamoyo, wengine wameishika njia ya Kisarawe. Jiji limemwagika nje ya sufuria, na sisi tunaendelea kupima kilichobaki ndani. Shirika moja lililolielewa hili mapema ni DAWASA, mamlaka ya maji: eneo lake la huduma limevuka mpaka wa Dar likaingia Pwani. Hata kama bomba halijafika kila mlango, angalau kwenye ramani yao sisi na Mbagala ni mji mmoja. Barabara ya mwendokasi ya Kilwa Road yenyewe imesimama Mbagala. Kutoka hapo kuja kwetu ni daladala na dua.

Baadaye nikapata kazi kwenye kampuni ndogo ya mipango miji. Urasimishaji wa makazi zaidi, ila mara mojamoja tunasaidia halmashauri kuandaa taarifa. Sitaitaja halmashauri wala kampuni. Tulipewa kazi ya kukadiria mahitaji ya vyoo vya umma na vizimba vya taka, kata kwa kata, na kata mojawapo ilikuwa ya kibiashara, maduka mwanzo mwisho, watu wanasukumana kuanzia asubuhi. Jedwali lilikuwa na safu tatu: kata, wakazi kwa mujibu wa sensa, mahitaji. Ile kata ya maduka ikatoka na wakazi wachache kuliko karibu zote, hivyo na mahitaji kidogo. Kata ya pembezoni ambako watu wanakwenda kulala tu ikapewa vyoo vya umma kibao.

Nikanyoosha mkono. Nikasema pale mchana kuna watu wengi mara nyingi zaidi ya hao. Bosi wangu, mtu mzima, mstaarabu, akasema, "Dada yangu, najua. Na mimi huwa naenda kununua vitu pale. Lakini namba iliyopo ndiyo hii. Tukiandika ya kichwani, mkaguzi akija atauliza tumeitoa wapi. Utamwambia uliwaona?"

Nilitaka kukasirika nikashindwa, kwa sababu ana hoja. Nguvu ya sensa iko hapo: ni namba isiyobishaniwa. Na kuhesabu watu walikolala kuna maana yake. Mtu ana usingizi mmoja kwa usiku mmoja. Ukitaka kumhesabu mchana, mama yangu atahesabiwa Mwandege saa kumi na moja na nusu, Mbagala saa kumi na mbili, Mtaa wa Kongo saa tatu, na mchana akienda kuswali anahesabiwa na msikitini. Kuna mambo yanayofuata kitanda cha mtu, na hayo sensa inayaweza kuliko chochote. Mtoto niliyemwandika ana mwaka mmoja Agosti 2022 atafika umri wa darasa la kwanza kuanzia 2027. Nilimwona, ana bibi yake, yupo kwenye jedwali, mwenye kupanga madarasa hana cha kusingizia. Zahanati, hivyohivyo. Hata majimbo: mwaka 2025 Mbagala ilipogawanywa likazaliwa jimbo la Chamazi, na Ukonga likazaliwa Kivule, hoja ilikuwa ni wingi wa watu wanaolala kule.

Ila choo cha Kariakoo hakifuati kitanda. Taka hazifuati kitanda. Wala moto haufuati, wala jengo likianguka.

Tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, ghorofa liliporomoka Kariakoo. Mama alikuwa mitaa miwili kutoka pale. Simu yake haikupokelewa karibu saa nzima, na hiyo saa sitaisimulia. Alipopatikana, sauti imejaa vumbi, kitu cha kwanza alichosema ni kwamba waokoaji wanauliza ndani walikuwa wangapi na hakuna anayejua. Nani angejua? Mwenye duka anamjua msaidizi wake. Msaidizi anamjua mteja wa jana. Mpagazi aliyeingia na mzigo hajulikani na mtu. Waliokuwa mle walilala usiku ule sehemu nyingine kabisa, na daftari lolote la wakazi wa mtaa ule lingekuwa na majina ya watu ambao wengi hawakuwemo.

Wiki mbili baadaye niliomba ruhusa ya nusu siku nikaenda kusimama kituoni Mwandege kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Nilijaza mfuko wa kulia punje za mahindi, kila daladala iliyojaa ikipita kuelekea mjini nahamisha punje moja kwenda mfuko wa kushoto. Ni njia ya kijinga, najua, hesabu za magari zina fomu zake na watu wake. Nilipofika punje sitini na kitu bibi mmoja muuza maandazi akaniuliza kama nafanya uganga. Nikamweleza. Akasema, "Basi ungeniuliza mimi. Maandazi mia mbili yanaisha kabla jua halijatoka. Jumapili nakanda robo yake." Nikasimama pale na mifuko yangu miwili ya mahindi. Bibi alikuwa na takwimu ya watu wanaovuka kwenda Dar kwa siku za kazi na siku za mapumziko, ya miaka, na inampa faida.

Nilirudi ofisini na hiyo hadithi. Bosi alicheka, kisha akanyamaza kidogo, kisha akasema tunaweza kuongeza safu ya nne kwenye jedwali. Tukaiita "wanaoingia mchana". Haina namba. Ina vistari tu kuanzia juu mpaka chini, na chini tumeandika kwa maandishi madogo kwamba uhesabuji wa vituoni ufanyike. Niliifurahia ile safu tupu kama mtu aliyepata kiwanja ambacho hati bado.

Yule mzee wa Kilwa ameondoka. Pagale limekuwa nyumba, geti jeusi, tairi mbili zilizopakwa chokaa mlangoni, na watoto wa mule ndani sijawahi kuwahesabu vizuri kwa sababu hawatulii: wanne, labda watano. Mihogo imeng'olewa, wameweka ukoka. Wakubwa wao nawakuta kituoni alfajiri na sare za shule ya Mbagala, wamesimama nyuma ya mama yangu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kumsaidia dukani. Saa saba kasoro nikaona anaangalia kona, anapima. Nikamweleza habari ya safu ya nne, nikijua atajivunia mwanawe. Akasikiliza mpaka mwisho, akafungua kibindo, akanipa mia tatu.

"Vizuri mwanangu. Sasa kanishikie foleni."