Ukuta wa kaskazini wa Vardzia

Kanisa la Kulala kwa Bikira Maria pale Vardzia, monasteri ya mapangoni kusini mwa Georgia, limechongwa lote ndani ya jabali: urefu mita 14.5, upana 8.2, kimo 9.2. Unaingilia upande wa kusini. Asubuhi ile nilipovuka kizingiti, macho yalikwenda moja kwa moja ukuta wa kaskazini, kwa picha ya Mfalme Giorgi III na binti yake Tamar, kabla hata sijalizoea giza. Naamini mchoraji alikusudia hivyo.

Mwenyeji wetu alitwambia tuziache nyuso kwanza, tutazame kidevu. Katika picha za Kijojia za zama hizo, mwanamke aliyeolewa hufungwa utepe chini ya kidevu. Tamar hana. Kisha akatuonyesha maandishi: ya Tamar yanamwombea maisha marefu, ya baba yake hayana dua hiyo, maana alikwisha kufa. Giorgi alifariki 1184, na Tamar akaolewa mara ya kwanza mwaka mmoja au miwili baadaye. Basi picha ilichorwa katikati hapo.

Haraka ya kuichora ilikuwa na sababu. Mwaka 1177 wakuu waliasi wakimtaka Demna, mtoto wa kaka mkubwa wa Giorgi, ambaye wengi walimwona ndiye mwenye haki ya kiti. Giorgi aliwashinda, na mwaka uliofuata akamtawaza Tamar atawale pamoja naye. Baba alipokufa, wakuu walianza tena kumbana binti. Ndiyo maana ukutani baba ametangulia na binti anamfuata, ameshika mfano wa kanisa, na wote wawili wameandikwa Mfalme wa Wafalme wa Mashariki yote. Aliyegharimia michoro ni Rati Surameli, mtawala wa jimbo la Kartli. Naye yumo ukutani, lakini kando na wafalme.

Nilipolaza tochi, mwanga ukapita ubavuni mwa ukuta, rangi ilionekana imebanduka kama magamba. Hapa walichora juu ya lipu kavu. Lipu ikiwa mbichi, chokaa huimeza rangi inapokauka, ila fundi hana budi kumaliza kipande chake kabla haijakaza. Kwenye lipu kavu anapata muda wa kutosha kuchora vito na tarizi za joho, lakini kinachoshika rangi ni gundi tu. Jabali la Vardzia ni la majivu ya volkano, linanyonya maji. Unyevu ukipenya husukuma chumvi nje, na chumvi ikikauka huinua rangi. Tetemeko la 1283 liliporomosha uso wa jabali, vyumba vingi vikabaki wazi kwa hali ya hewa. Ongeza masizi ya mishumaa ya karne nyingi. Kuyasugua ni hatari, maana rangi huweza kutoka nayo.

Katika monasteri ya Betania, karibu na Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, wafalme ukutani ni watatu: Giorgi III, Tamar, na mwana wa Tamar, Giorgi Lasha, aliyetawazwa akiwa kijana, mama yake angali hai, kama Tamar alivyotawazwa na baba yake.