Jani lisilonyauka

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo letu la wiki hii ni Kutoka sura ya 18. Tumezoea kuanzia mstari wa 13, pale Musa anapoketi na watu wamemzunguka. Safari hii naomba tuanze mwanzo wa sura, kwa sababu kuna jambo ambalo mimi mwenyewe nimelipita kwa miaka mingi bila kuliona.

Yethro, mkwewe Musa, hakufunga safari kutoka Midiani ili aje kumfundisha Musa uongozi. Alikuja kumrudishia familia yake. Sipora na wale watoto wawili, Gershomu na Eliezeri, walikuwa kwa babu yao. Musa alikuwa amemrudisha mkewe huko. Sasa Farao ameshindwa, bahari imevukwa, na mzee anawaleta. Musa anatoka kumlaki mkwewe, anainama, anambusu, wanajuliana hali, wanaingia hemani. Anamsimulia yote Bwana aliyotenda. Zinatolewa sadaka, na Haruni na wazee wote wanakuja kula chakula pamoja nao mbele za Mungu.

Kesho yake Musa yuko kazini, tangu asubuhi hata jioni.

Biblia haisemi Sipora aliwaza nini siku ile, nami sitamwekea maneno mdomoni. Lakini tazameni ni nani aliyeona kwamba mambo hayako sawa. Miongoni mwa wale waliokuwa wakimzunguka Musa kila siku, hatusomi kwamba hata mmoja alisema neno. Aliyesema ni babu wa watoto, aliyewaleta jana tu. "Jambo hili ufanyalo si jema," akamwambia.

Na jibu la Musa ni jibu letu. Anasema watu wanamjia ili kumwuliza Mungu. Huwezi kumlaumu. Hachezi, hatafuti fedha, anafanya kazi ya Mungu. Uchovu wa mtu anayehudumu ni mgumu kuutambua kwa sababu hiyo hiyo: kila kilichomchosha ni chema. Ukimwuliza aache lipi, hana la kuacha.

Yethro anamwambia kwamba atajidhoofisha. Kitenzi cha Kiebrania kilichotumika hapo ni kile cha jani linaponyauka. Kimetumika pia katika Zaburi ya 1, kwa mti uliopandwa kandokando ya vijito vya maji, "uzaao matunda yake kwa majira yake, wala jani lake halinyauki." Nimekaa na maneno hayo wiki nzima. Mti ule unazaa, si mti wa kivuli tu. Lakini unazaa kwa majira yake. Nyumbani tulikokulia kulikuwa na mwembe, na sikumbuki mtu aliyeugombeza kwa kukosa maembe nje ya msimu. Sisi ndio tunaotaka kuwa na matunda mwaka mzima, kila tawi, kwa kila apitaye, halafu tunashangaa majani yanapoanza kupukutika.

Yethro anaongeza jambo jingine ambalo hatulisikii sana mahubirini. Hasemi "utanyauka wewe" peke yake. Anasema wewe na watu hawa pia. Wale waliosimama tangu asubuhi juani, mwenye kesi ya mbuzi nyuma ya mwenye kesi kubwa ya urithi, nao walikuwa wanachoka. Musa alidhani anawabeba, kumbe alikuwa anawachelewesha.

Mwaka jana nilikuwa mhazini wa kwaya, katibu wa jumuiya na mjumbe wa kamati ya ujenzi, juu ya kazi yangu ya ajira. Kisha akatokea ndugu anaoza, nikaingizwa kwenye kamati ya harusi. Jumamosi moja nilikaa vikao vitatu, simu nimeizima sauti. Usiku nikakuta mama amenipigia mara nne. Alikuwa ametoka kliniki na dawa mpya za presha, na herufi za kwenye pakiti ni ndogo mno kwa macho yake. Alitaka nimwelekeze namna ya kuzimeza. Aliponikosa akamwita mtoto wa jirani anayesoma darasa la tano, akamsomea. "Usijali mwanangu, najua una kazi za Bwana," akaniambia.

Maneno hayo yalinichoma kuliko kama angenikaripia. Vikao vile vitatu vilikuwa na watu wa kutosha. Kumbukumbu angeweza kuandika mwingine, na michango angeweza kuihesabu mwingine. Lakini mama yangu ana binti mmoja tu.

Nadhani hapo ndipo Yethro anapotupa kipimo cha kipaumbele. Hamwambii Musa aache kazi, wala hamwambii akalale. Anamtajia yatakayobaki mikononi mwake: kusimama mbele za Mungu kwa ajili ya watu, kuwafundisha amri na njia iwapasayo kuiendea, na yale mashauri makubwa. Mengine yote yana wenyewe: wakuu wa maelfu, wa mia, wa hamsini, wa kumi. Na lililotangulia katika orodha ile ni kuwa mbele za Mungu. Mtu aliyekuwa akiamua kesi tangu asubuhi hata jioni, hilo angelifanya saa ngapi?

Hapa naomba niseme neno na sisi tuliosimama kwenye foleni, maana kosa halikuwa la Musa peke yake. Mzee wa kanisa anakuja kumwombea mgonjwa, anaomba vizuri, anaondoka, nasi tunanung'unika kwamba mchungaji hakuja. Msiba tunamtaka yeye, kikao cha mahari tunamtaka yeye, ugomvi wa mpaka wa shamba tunamtaka yeye. Mkewe na watoto wake wanapata kilichobaki. Tukimpenda mtumishi wa Mungu, tumpokee kwa heshima yule aliyetumwa naye.

Najua pia kuna mama anayesoma hapa ambaye mzigo wake hauna wa kugawana naye. Anaamka saa kumi usiku kwenda kufuata mboga sokoni, anarudi na watoto wanamngoja. Kwake hakuna wakuu wa hamsini. Sitamwambia apange vizuri muda wake. Nitatuambia sisi wa jumuiya yake kwamba mkuu wa kumi anaweza kuwa jirani anayesema, "Niachie watoto leo."

Wala hili si jambo la kujifunza mara moja likaisha. Musa alimsikiliza mkwewe, akafanya yote aliyosema. Lakini ukifika Hesabu sura ya 11 unamkuta amelemewa tena, na safari hii anamwomba Mungu amuue. Bwana hakumkemea kwa maneno yale. Alimwambia akusanye wazee 70, akatwaa sehemu ya roho iliyokuwa juu yake, akaitia juu yao, ili asiuchukue mzigo peke yake. Wawili kati yao, Eldadi na Medadi, wakatabiri kambini badala ya kuja hemani. Yoshua akataka wakatazwe. Musa akamjibu kwamba ingekuwa heri kama watu wote wa Bwana wangekuwa manabii. Ni Musa yule yule wa sura ya 18, aliyeona kila mtu lazima apite kwake.

Mwezi uliopita nilimkabidhi daftari la kwaya binti mmoja aliyemaliza chuo. Wiki ya kwanza jumla yake ilipungua shilingi elfu nne. Nilishika lile daftari mkononi, nikaona kabisa mstari aliokosea, na vidole vikawa vinatafuta kalamu. Nikamrudishia. Aliketi kwenye benchi la nyuma, akahesabu upya, akalipata mwenyewe.

Jumamosi hii kuna kikao saa nne. Nimewaambia sitakuwepo, nitakuwa kwa mama. Nimeshanunua kalamu nene ya wino mweusi, nimwandikie saa za dawa kwa herufi kubwa ubavuni mwa kila kopo.