Nilidhani ni choo kigumu

Kombo alikufa Jumanne, kabla ya saa tano asubuhi, juu ya meza ya daktari wa mifugo. Alikuwa na miaka minne. Nataja saa kwa sababu kwa miezi kadhaa baada ya hapo maisha yangu yaligeuka kuwa hesabu ya saa. Kama ningempeleka saa mbili usiku. Kama ningempeleka hata saa tano usiku. Kama nisingelala.

Alikuwa paka dume wa kijivu, ncha ya mkia imepinda kama kulabu, na jina lake lilitokea hapo. Hakupenda kupakatwa. Alichopenda ni kulala juu ya viatu vyangu, kichwa kikiwa ndani ya kimoja, na kila asubuhi ilibidi nimwombe ruhusa ndipo nivivae.

Jumatatu ile jioni nilikuwa na kazi ya kumaliza. Kombo aliingia kwenye trei yake ya mchanga, akachuchumaa, akatoka. Baada ya dakika chache akarudi. Nilisikia kucha zikiparua mchanga, kimya, kisha zikiparua tena. Mara ya nne, mara ya tano. Nikajisemea: huyu ana choo kigumu. Mwaka uliotangulia kiliwahi kumpata, na kulipokucha kikawa kimekwisha chenyewe. Alikuwa pia akijilamba sana chini ya mkia, nami nikaliweka hilo kwenye fungu lilelile la choo kigumu.

Karibu na saa nne alitoa mlio ambao sikuwahi kuusikia kwake, mzito, wa chini, kama unatoka ndani ya pipa. Sikugeuka. Nilisema, "Hebu tulia basi," macho yakiwa kwenye kompyuta. Kisha nikamjazia maji kwenye bakuli, nikaenda kulala.

Asubuhi nilimkuta nyuma ya mlango wa bafu. Masikio yalikuwa ya baridi na pembeni yake kulikuwa na matapishi ya povu. Nilipomnyanyua, vidole vyangu viligusa tumboni kitu kigumu, cha mviringo, kama mpira mdogo uliojazwa upepo mpaka mwisho. Kilikuwa kibofu. Daktari alikigusa mara moja tu akaita msaidizi. Walijaribu kumwingiza mpira wa mkojo, wakamtundikia dripu, wakaniambia nisubiri nje. Sikusubiri sana.

Daktari alinieleza baadaye, na naeleza hapa kwa sababu yupo anayesoma haya huku paka wake akiparua mchanga. Mrija wa mkojo wa paka dume ni mwembamba kuliko wa jike, na unazidi kubana kadiri unavyokaribia ncha. Chembechembe kama mchanga, au ute mzito, zikinasa pale, mkojo unakosa pa kutokea. Kibofu kinajaa, figo zinashindwa kusafisha damu, na potasiamu, ambayo kwa kawaida hutoka na mkojo, inarundikana kwenye damu mpaka inavuruga mapigo ya moyo. Mrija ukiziba kabisa, siku moja mpaka tatu zinatosha kumuua. Na dalili zake zinafanana mno na choo kigumu: anaingia, anachuchumaa, anajikamua, anatoka bila kitu. Ukiliona hilo kwa dume usingoje kuche.

Nikiwa bado nimesimama pale mlangoni, kijana mmoja akaja na karatasi mkononi. "Mzoga utauchukua, au tuutupe wenyewe?"

Simlaumu. Ndilo neno lenyewe; kamusi iko upande wake. Lakini nilisikia kama mtu amenipokonya kitu. Lugha yetu inamhesabu paka pamoja na watu: paka *a*nalia, mtoto *a*nalia, paka *a*mekuja, mgeni *a*mekuja. Asubuhi Kombo alikuwa bado "a". Kabla ya adhuhuri akawa "u", kitu cha kuchukuliwa au kutupwa. Nikajibu, "Nitamchukua." Nililitamka lile *m* kwa nguvu mpaka kijana akarudi nyuma hatua moja.

Kazini siku ya pili niliulizwa mbona macho mekundu. Nikasema paka wangu amefariki. Mwenzangu mmoja akacheka kwa kweli, bila ubaya, akanisahihisha: paka hafariki, paka anakufa. Mwingine akasema, "Pole, lakini si paka tu?" Neno "tu" ni dogo, ila linafunga mlango. Ukishaambiwa *tu*, huna tena ruhusa ya kukosa usingizi. Nikawa naenda kulia chooni kama mwanafunzi. Baadaye nilikuja kujua kwamba hali hii imepewa jina: mwaka 1989 Kenneth Doka, msomi wa Marekani wa mambo ya kufiwa, aliandika juu ya majonzi ambayo jamii haiyatambui, yale ambayo aliyenayo hapewi nafasi ya kuyaonyesha wala watu wa kumpa pole. Kujua jina hakukuniponya. Kulinifanya niache kujiona nina kasoro. Hata Herodoto, mwanahistoria wa Wagiriki wa kale, aliandika kwamba Misri nyumba iliyofiwa na paka watu wake wote walinyoa nyusi. Sikunyoa zangu, lakini niliwaonea wivu: walau mtu akiwatazama usoni alijua.

Majonzi, hata hivyo, niliyaweza. Kilichonishinda ni hatia.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Hawakutuambia kwamba mjukuu huyo halali usiku. Kila saa nane nilikuwa macho, simu mkononi, nasoma habari za paka walioziba mkojo. Kila ukurasa ulikuwa hati ya mashtaka: anaingia mchangani mara kwa mara, kweli, anajilamba, kweli, analia, kweli. Nilisoma zaidi ya yote niliyosoma alipokuwa hai. Nikamkasirikia na daktari. Kwa nini walinitoa nje, kwa nini msaidizi alitembea badala ya kukimbia? Hasira hiyo ilidumu siku nne hivi, ikaisha. Ya kwangu mwenyewe ilibaki.

Marafiki walionipenda waliniambia, "Usijilaumu, hakuna ambacho ungeweza kufanya." Nao ndio walionichelewesha, Mungu awabariki. Maana nilijua si kweli. Kilikuwepo cha kufanya. Kila waliporudia maneno hayo niliona wananifunika shuka huku moto unawaka chini.

Baada ya wiki mbili nilirudi kwa daktari na karatasi ya maswali. Nikamwambia, "Daktari, naomba unijibu bila kunionea huruma." Akafunga mlango. Ningemleta saa mbili usiku, angepona? "Angekuwa na nafasi nzuri. Sitakudanganya, ndugu yangu." Saa tano je? "Nafasi ilikuwepo bado." Nilihisi tumbo linashuka. Kisha akasema jambo ambalo hakuna rafiki aliyenipa: kwamba paka ni mwindaji, lakini kwa wanyama wakubwa yeye naye ni windo, hivyo amezaliwa na tabia ya kuficha maumivu, kwamba pengine mrija ulianza kubana tangu Jumapili na hakuonyesha, kwamba karibu kila anayemletea paka wa namna hiyo huingia na sentensi moja mdomoni. "Ipi?" nikauliza. "Nilidhani ni choo kigumu."

Jibu gumu lile lilinisaidia kuliko pole zote. Lilinipa kitu halisi cha kushika.

Usiku ule nilichukua daftari, nikaligawa ukurasa katikati. Kushoto nikaandika nilichokiona, saa kwa saa. Kulia nikaandika nilichokijua *wakati ule*, si nilichokijua leo. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, kwa sababu akili iliyokwisha kuona mwisho haikubali kurudi nyuma kwa uaminifu. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Baruch Fischhoff aliwasomesha watu kisa cha vita vya Waingereza na Wagurkha wa Nepal, makundi kadhaa akayaambia kila moja mwisho wake: hawa kwamba Waingereza walishinda, wale kwamba Wagurkha ndio walioshinda. Kila kundi likaelekea kuona kwamba mwisho lililoambiwa ulikuwa ukitarajiwa zaidi tangu mwanzo. Mimi nilikuwa kundi la mtu mmoja. Nilikuwa naihukumu Jumatatu kwa ushahidi wa Jumanne.

Kwa hiyo: kushoto, "ameingia mchangani mara ya tano." Kulia, "mwaka jana ilikuwa choo kigumu, ikapita." Nikaufuta mstari ule. "Anajilamba sana." Sikujua maana yake. Nikafuta. "Nimelala." Nililala nikiamini kutakucha salama. Huo nilikaa nao siku tatu, kisha nikaufuta.

Ukabaki mmoja. *Saa nne. Amelia. Sikugeuka.*

Upande wa kulia sikuwa na la kuandika. Nilijua kabisa kwamba mlio ule si wa kawaida. Ndiyo maana naukumbuka. Sikujua ugonjwa, lakini nilijua kwamba kuna jambo, na nilichagua kazi. Nilijaribu kuufuta mstari huo kwa kila hoja. Haukufutika, nami nikaacha kujaribu. Ajabu ni kwamba mzigo ulipungua palepale. Kosa kubwa kama nyumba, la mtu aliyemuua paka wake, lilikuwa limesinyaa likawa kosa la mtu ambaye hakugeuza shingo. La pili ni langu kweli, na naweza kulibeba.

Nilikwenda nilipomzika, chini ya mti nyuma ya nyumba, nikasema kwa sauti, "Nisamehe. Ulilia, sikugeuka." Nilijiona mjinga, na nikajisikia nafuu, vyote kwa pamoja. Sijui kama kumwomba radhi paka aliyezikwa ni jambo la mtu mwenye akili timamu. Ningelifanya tena.

Kuna kosa jingine nililolifanya katika siku zile, la kwa binti yangu, ana miaka sita. Nilimwambia Kombo amelala. Usiku wake akakataa kufumba macho, na ilinichukua saa nzima kuelewa kwa nini. Asubuhi nikamketisha nikamwambia lenyewe: Kombo amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hasikii tena maumivu, na hatarudi. Akawaza. "Baba, ulimpeleka haraka?" Nikamwambia hapana, nilichelewa, sikujua kwamba anaumwa hivyo. "Hata mimi sikujua," akasema, kisha akaomba bakuli la Kombo liwe la mwanasesere wake.

Bakuli ndilo kitu pekee kilichokuwa kimesalia, maana siku ileile ya Jumanne, kwa wazimu, nilikuwa nimetupa trei, tandiko, kila kitu. Usifanye hivyo. Vifungie mahali, uamue baadaye. Wiki iliyofuata nilijikuta nimepiga magoti kwenye kabati nikibandua unyoya mmoja wa kijivu kutoka ndani ya kiatu. Ninao mpaka leo, kwenye bahasha.

Kuhusu kuleta paka mwingine, niliulizwa tangu siku ya tatu, kama mtu aliyevunja kikombe. Bado sijaleta. Huenda nitaleta.

Miezi saba baadaye, karibu saa tano usiku, jirani alipiga simu. Nilikuwa nimewahi kumsimulia habari za madume na mkojo, kama nilivyomsimulia kila mtu, mpaka watu wakaanza kunikwepa. "Kaka, samahani sana kukuamsha. Huyu wangu anaingia mchangani anatoka, anaingia anatoka." Kabla hajamaliza nilikuwa nimeshavaa kiatu kimoja. Tulimpata daktari anayepokea usiku. Mikono yangu ilitetemeka kiasi kwamba jirani ndiye aliyelifungua kapu.

Daktari alimbonyeza tumbo polepole, mbele, nyuma, tena mbele. Kibofu kilikuwa kidogo, laini. Akavua glavu.

"Ni choo kigumu tu," akasema.

Jirani akaanza kuomba radhi kwa kunisumbua. Sikuweza kumjibu, nilikuwa nacheka, na machozi yananitoka, na daktari alikuwa akinitazama kama anayetaka kuniandikia dawa mimi. Tulirudi, jirani akiendesha, kapu likiwa kiti cha nyuma. Yule paka hakupenda gari. Alilia njia nzima, na kila alipolia niligeuka.